Nusu ya Ukungu

Ukungu wa kwanza ulipoingia Rikani, aliyeutuma alikuwa jikoni akimenya ndizi.

Subilaga aliweka kisu pembeni, akafuta vidole kwenye kanga, akagusa kioo cha simu mara moja tu, taratibu, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala. Kisha akarudi kwenye ndizi zake. Nyuma ya pazia Bupe alikuwa amejilaza chali, utepe mweupe umemzunguka paji la uso, macho nusu wazi. Midomo yake ilicheza. Alikuwa akiongea na watu ambao mama yake asingeweza kuwaona hata angetaka, maana utepe haumfungulii mtu aliyevuka miaka kumi na minne.

"Tumpe, shika huko," Bupe alinong'ona. "Shika, paa linateleza."

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa imekatika, imebaki kudondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Subilaga akatega sikio. Kwa kitambo hakikubadilika kitu. Halafu sauti ya mtoto ikapunguza mwendo.

"Mbona kunakuwa kweupe... Tumpe? Siwaoni. Haya. Haya basi, kesho."

Taa ndogo ya utepe, iliyokuwa kijani, ikafifia ikawa rangi ya maziwa. Kabla sufuria haijachemka, Bupe alikuwa amelala. Alikuwa amelala kweli, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia kitandani, pua inakoroma kidogo.

Subilaga alisimama mlangoni akamwangalia. Alijisikia kama mtu aliyeiba kitu na papo hapo akakirudisha kwa mwenyewe.

*

Kwao watu husalimiana kwa kuulizana usingizi. *Ugonile?* Umelala? Huulizwa asubuhi, huulizwa mchana sokoni, huulizwa hata jioni mtu anaporudi na mzigo wake kichwani. Nawe hujibu *ndaga*, asante, mambo yakaendelea. Lakini tangu tepe zilipoingia madukani, watoto walikuwa wakijibu *ndaga* huku macho yamewaiva kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi.

Utepe haukungojei ulale, wala haukuachi macho. Hukudaka palepale kwenye lepe, pale mwili unapokuwa umeshaingia usingizini na akili ingali mlangoni, ukakushikilia hapo. Mwili umelala, akili inajenga. Watengenezaji walisema hayo ni mapumziko. Subilaga aliwaza kwamba mtu anayekaa kizingitini usiku kucha hajalala ndani, na nje pia hajatoka.

Na kule kizingitini watoto walijenga Rikani. Kilikuwa kijiji cha wenye umri mmoja, nyumba za mianzi na majani ya migomba, hakuna mzazi, hakuna mwalimu, mto unapita katikati na maji yake yanaimba ukiyakanyaga. Kila nyumba ilisimama kwa nguvu ya mwenyewe. Aliyetangulia kuondoka, kesho yake alikuta ukuta umekuwa mwembamba, paa limetoboka. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kutangulia. Waliotengeneza mchezo walijua walichokuwa wanafanya.

Mara ya kwanza kabisa Subilaga alifanya kama mzazi yeyote: alichomoa waya wa ruta. Bupe aliamka na ukelele, akakaa kitandani mkono wake ukiwa hewani kana kwamba bado ameshika kamba. Nyumba aliyoijenga tangu masika ilikuwa imeyeyuka yote. Wiki nzima hakumsemesha mama yake ila kwa kutikisa kichwa. Ndipo Subilaga akajiapiza: sichomoi tena. Nitatafuta njia ya pole.

Njia aliipata darasani. Jioni mbili kwa wiki alisoma ufundi wa mitandao kwenye chuo cha wananchi, katika ukumbi unaonukia dawa ya sakafu na miamvuli iliyolowa. Mwalimu Kissa, mwembamba, mcheshi, alikuwa akifundisha huku akitembea kati ya madawati.

"Ruta ina koki mbili," alisema. "Moja inafunga. Hiyo kila mtu anaijua, na kila mtu anagombana nayo. Ya pili inaminya. Ukiminya kidogo, mtumiaji hajui kwamba amenyimwa. Anadhani siku yenyewe imechoka."

Darasa likacheka. Subilaga hakucheka.

"Mwalimu, na mchezo wa kwenye lepe, ukiminywa unafanyaje?"

"Mchezo una aibu, Mama Bupe. Haupendi uonekane umekwama. Kile unachoshindwa kukichora kwa wakati, unakifunika."

"Unakifunika kwa nini?"

"Kwa ukungu."

*

Zikafuata siku ambazo Subilaga angezikunja na kuziweka kabatini kama angeweza. Kila jioni, ndizi zikiwa motoni, aligusa kioo. Kila jioni weupe ulishuka juu ya kijiji asichokiona, na mwanawe akalala bila ugomvi. Mume wake, Ambwene, aliyekuwa zamu kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini, alipiga simu akasikia sauti ya Bupe ikicheka nyuma.

"Huyu umemfanyaje?"

"Nimembembeleza tu," Subilaga akasema. Halikuwa neno la uongo. Lilikuwa jirani yake.

Asubuhi moja Bupe alikaa na kikombe cha chai mbele yake, hakunywa.

"Mama, jana niliona kitu nikiwa nimelala. Ng'ombe amevaa sare ya shule. Anapanda kilima, anachechemea, begi lake limejaa mvua. Nikamuuliza unakwenda wapi, akasema nimechelewa." Akakunja uso, anawaza. "Hakuna aliyempanga. Hakuwa wa Rikani. Alikuja tu."

"Hiyo ni ndoto, mwanangu."

"Ndoto ndiyo hiyo?"

Alikuwa amesahau. Mtoto wa miaka kumi, alikuwa amesahau ndoto inavyokuwa. Subilaga akageukia jiko akafuta macho, ingawa jiko lao la umeme halikuwa na moshi.

*

Halafu siku moja Bupe akarudi kutoka shuleni akakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vyake vyenye tope, hakuingia.

"Mama. Mimi natoka ukungu?"

"Unatoka ukungu vipi?"

"Wananiita Ukungu. Hata darasani. Tumpe anasema kila siku unaanzia upande wa nyumba yangu. Unaanza kwangu ndiyo unashuka kwao." Alikuwa akivuta uzi kwenye soksi. "Lusajo tu ndiye amekaa na mimi leo, tena kwa sababu nilikuwa na karanga. Wamekaa baraza. Jumamosi jioni wananipuliza."

"Wanakupuliza."

"Wote wanasimama mbele ya nyumba yako, wanapuliza pamoja. Nyumba inapoa, inaanguka, na wewe hurudi tena. Milele." Akainua macho. "Mimi nimefanya nini?"

Wakubwa wa zamani waliamini kwamba manung'uniko ya kijiji kizima, pumzi za watu wenye kinyongo, yanaweza kumshika mkosaji akatetemeka baridi jua likiwa utosini. Watengenezaji wa Rikani waliliokota jambo hilo mahali fulani, wakalifanya kitufe.

Subilaga aliketi pembeni ya mwanawe. Alitaka kusema. Badala yake akashika kiatu kilichojaa tope. Akasema, "Vua viatu kwanza, utashikwa na baridi," akaingia ndani akafungua mipangilio ya ruta.

Nyumba yao ilikaa juu mgongoni mwa kilima, na kwa ajili hiyo ndiyo iliyofungwa dishi. Walioleta mtandao hawakuweka madishi bondeni, ambako mawimbi hayafiki. Waliweka juu, kila nyumba ya juu ikazibeba za chini yake. Iliitwa nyumba mama. Zile za chini ziliitwa watoto. Ulikuwa ukibeba, hulipii. Na mkataba ulikuwa na sharti moja kubwa, kwamba usiguse njia ya mwenzako.

Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili. *Kifaa. Mkondo.* Darasani walifanyia mazoezi ruta isiyobeba mtu yeyote chini yake, kwa hiyo mistari hiyo ilikuwa sawasawa, ukigusa huu au ule. Hapa haikuwa sawasawa. Alama yake, ile aliyoiweka kwa vidole vyenye utomvu wa ndizi, ilikuwa kwenye mkondo.

Hakuwa ameminya utepe wa Bupe. Aliminya bonde zima. Nyumba ya juu ilifunikwa kwanza kwa kuwa ndiyo ya kwanza njiani, na kutoka hapo ukungu ukateremka kwa kila mtoto aliye chini.

Kitu cha kwanza kilichompitia moyoni kilikuwa furaha, asingeweza kukataa: bonde zima limelala! Watoto wote wale! Kisha akaukumbuka mkataba.

Akampigia Mwalimu Kissa, akamweleza yote bila kupumua.

"Rudisha kimyakimya," Kissa akasema. "Ondoa alama, yaishe."

"Nikiondoa, ukungu unakoma wiki hii hii waliyomtishia. Watasema, mnaona? Tumemtisha ameacha."

"Basi hamishia kwenye kifaa chake peke yake."

"Ili afunikwe yeye peke yake, mbele ya wote?"

Mbwa alibweka mahali karibu na Kissa.

"Mama Bupe, na ukisema, unajua wanaweza kuling'oa hilo dishi. Umegusa njia za watu. Hata mtihani wako sijui kama..."

"Najua, mwalimu."

"Mimi nakufundisha koki," Kissa akasema polepole. "Kwa hili sina koki."

*

Alimwambia Bupe jioni ileile, kabla ya utepe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani kama mgeni.

"Ule ukungu ni wangu."

"Wako vipi? Wewe huingii."

Akaeleza. Alieleza vizuri, koki mbili, kuminya, aibu ya mchezo, na kila neno lilipotoka alilisikia linavyokuwa dogo. Bupe alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo nilipokuwa nalala," akasema, "sikuwa nalala mwenyewe?"

"Ulilala mwenyewe, mwanangu. Mimi nilikutengenezea kiza tu."

"Na yule ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wako."

"Una uhakika?"

Subilaga hakuwahi kufikiri kwamba angeulizwa hilo. "Ng'ombe sikumgusa," akasema mwishowe. "Naapa. Sikujua hata kama atakuja."

Bupe akageukia ukutani, utepe ukiwa bado mkononi mwake. Nyundo za mvua zikaanza tena juu ya bati.

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Hapana." Subilaga alidhani amesinzia. "Lakini ungeniambia."

*

Zamani, kabla ya tepe na madishi, vijana wa huku walikuwa wakitoka kwa wazazi wao wangali wadogo, wakajenga kijiji chao cha rika, wakalala huko. Ila kula walirudi kwa mama zao. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na mama aliyetembelewa alipika cha wote. Mchezo ulichukua nyumba, ukachukua mto na pumzi za watu. Chakula ulikiacha, kwa kuwa kwenye lepe hakuna anayesikia njaa.

Subilaga akalikumbuka hilo. Mtu mzima hawezi kwenda Rikani. Lakini Rikani inaweza kuja kula.

Jumamosi mchana alipika mbalaga, ndizi zilizochanganywa na maharage na maziwa, sufuria mbili, akamtuma Lusajo aliyekuwa akizungukazunguka karibu na uzio akawaite wenzake. Walikuja wakipanda kilima mmoja nyuma ya mwingine, matope magotini, wenye haya, kana kwamba hawakuwa wakikutana kila siku ya Mungu. Mchana walikuwa wadogo kuliko alivyowafikiria. Tumpe, mkubwa wao, mrefu, mwenye shingo ya mtu aliyezoea kusikilizwa, alinawa mikono mwisho baada ya kuhakikisha wote wamenawa. Bupe alikaa mbali nao, kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma. Hakumwangalia mama yake.

Nyuma ya watoto akatokea ambaye hakuitwa.

"Mugonile humu ndani!" Mama Tumpe alisimama uani mikono kiunoni. "Nimesikia kuna karamu, watoto wanaalikwa, wazazi hawaalikwi. Nikasema ngoja nione, labda kuna ubatizo."

"Ndaga, mama. Karibu sahani."

"Sahani nitakula. Maneno kwanza."

Ikawa basi. Subilaga alisimama mbele ya mkeka, mwiko ungali mkononi.

"Ukungu wa Rikani si wa Bupe," akasema. "Ni wangu mimi."

Mikono ikasimama njiani kwenda midomoni.

"Watu wazima hawaingii Rikani," Tumpe akasema.

"Sikuingia. Nimeminya mlango. Nilitaka mtoto wangu alale, nikakosea mstari, nikawaminya ninyi wote. Naye hakujua. Mmemwonea, lakini kosa si lenu. Ni la kwangu."

Akawaonyesha kwenye simu mistari ile miwili. Waliikusanyikia wakasukumana kwa viwiko. Mama Tumpe naye akachungulia juu ya vichwa vyao, na uso wake ukapita hali tatu au nne kabla ya kutulia.

"Yaani mimi nampigia dada yangu simu kule Kyela najisifu! Namwambia mwanangu sasa ana adabu, analala na kuku! Kumbe ni wewe?"

Mtoto mmoja akacheka, maziwa yakamtoka puani, na wengine wakamfuata. Hata Mama Tumpe mdomo ulimcheza. Lakini kicheko kilipokwisha alibaki amesimama palepale.

"Ila umeingia nyumbani kwangu, Mama Bupe. Bila hodi."

"Ni kweli."

"Kwa nia njema, sawa. Leo umemlaza. Kesho ukiona anakula vibaya, utaminya nini? Kesho akimpenda mtu usiyempenda?"

"Ni kweli," Subilaga akarudia.

Ndipo Lusajo, mdogo wa wote, mwenye pengo la meno mawili, akainua mkono kama yuko darasani.

"Mimi naomba usiondoke."

"Nani asiondoke?" Tumpe akamgeukia.

"Ukungu." Akashusha mkono. "Mimi huwa nasinzia mapema. Lakini nikitoka wa kwanza, paa langu linatoboka, na ninyi mnanicheka. Ukungu ukija tunatoka wote. Asubuhi nyumba ziko vilevile."

"Nyamaza, Lusajo."

"Nanyamaza. Ila ni kweli."

Hakuna aliyemcheka. Watoto wakaangalia sahani zao kwa bidii, na Subilaga, akiwatazama mmoja mmoja, akaona kwenye nyuso zile kitu alichokuwa anakiona kwa Bupe kila jioni bila kukitambua. Hawakuwa wamekataa kulala. Walikuwa wakingojana.

Tumpe akasimama, akapangusa magoti. "Baraza," akasema, na wote wakatoka nyuma ya nyumba, penye tangi la maji. Bupe alibaki kwenye kigoda chake. Alikaa ameinama, anahesabu vidole vya miguu, au anajifanya. Baadaye sauti ikaita kutoka nyuma ya tangi, ya Tumpe, si ya upole lakini si ya ukali pia: "Bupe! Unakaa huko kwani wewe ni mgeni?" Akainuka mbio, kigoda kikaanguka.

Mama Tumpe alitumia nafasi hiyo kula. "Maharage yako yana chumvi nyingi," akasema.

"Nilitia mara mbili, nikasahau."

"Nimeona." Akatafuna. "Nitawauliza wazazi wenzangu. Wakikataa, mimi mwenyewe nitakuja kusimama hapa mpaka dishi lishuke. Usinione vibaya."

"Sikuoni vibaya, mama."

Watoto walirudi, Tumpe mbele.

"Bupe hatumpulizi," alisema. "Wewe tungekupuliza lakini kule huna nyumba."

"Sawa."

"Ukungu utakuja. Utakuja baada ya ngoma ya jioni, na ngoma tutapiga sisi, si wewe. Na wote tutajua unakuja." Akavuta pumzi, hapa palikuwa na jambo walilobishania, ilionekana. "Na paswedi ya ruta inakatwa. Nusu unaiweka wewe, nusu anaiweka Bupe. Akikosekana mmoja, ukungu hauji."

"Na sisi wazazi je?" akauliza Mama Tumpe.

"Ninyi mpike."

Subilaga alimwangalia mwanawe. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile Bupe naye alimwangalia, kwa macho ya mtu anayepima kitambaa.

"Nusu ya kwanza iwe yake," Bupe akawaambia wenzake, kana kwamba mama yake hayupo. "Ya mwisho yangu."

*

Wazazi walikubali kujaribu. Jioni hiyo Bupe alisema haingii. Alitaka kuuona ukungu kwa nje, unavyotumwa. Wakaketi barazani wote wawili chini ya blanketi moja, kwa kuwa blanketi lingine lilikuwa bado halijakauka, na si kwa kingine. Simu ilikuwa juu ya magoti ya Subilaga. Pembeni mwa kioo zilionekana nukta za kijani, moja kwa kila mtoto aliyekwisha vaa utepe bondeni.

Mlima Rungwe ulikuwa umejificha. Kutoka chini harufu ya chai na udongo ikapanda, na vitu vyeupe vikaanza kutambaa kati ya migomba, ukungu wa kweli, ule ambao hauna koki.

"Huo nao ni wako?" Bupe akauliza.

"Huo hapana."

"Nilikuwa nauliza tu."

Walikuwa wamekimbizana kutwa, yeye na wenzake, kupanda na kushuka kilima kile, mpaka jua likazama. Subilaga alisikia kichwa kikiegemea bega lake, kikajirudisha, kikaegemea tena. Pumzi zikawa ndefu. Hapakuwa na utepe, wala alama iliyowekwa na mtu. Mtoto alikuwa amelala bila mtu yeyote kumsukuma, mzito na moto kama mkate, na nyusi zake zilikunjamana kidogo kwa jambo alilokuwa akiliona huko. Huenda ng'ombe alikuwa amechelewa tena.

Ndipo ngoma ya Rikani ikapigwa, ikasikika ndani ya simu. Ilikuwa sauti ndogo, kama ukucha kwenye bati. Kisha tena.

Subilaga aliandika nusu yake. Kisanduku cha paswedi kikabaki kinangoja, kimejaa nusu.

Nusu ya pili aliijua. Mchana, Bupe alipoiweka, midomo yake ilikuwa ikisoma kila herufi, na mama yake alikuwa ameisoma midomo hiyo tangu haijajua kusema. Kidole chake kingeweza kumaliza. Wale wa chini wangelala, huyu asingeamshwa, na duniani kote asingejua mtu. Ulikuwa usingizi uleule alioutafuta, alioliibia bonde zima. Sasa umekuja wenyewe umemwegemea begani, naye ndiye anayetakiwa kuukatiza.

Nukta za kijani hazikusogea. Hakuna aliyetaka kutangulia.

Akainama kwenye sikio la mtoto.

"Bupe. Mwanangu. Wenzako wanasubiri."

Jicho moja likafunguka. "Umeandika yako?"

"Nimeandika."

"Na yangu?"

"Bado. Ni yako."

Bupe alikitazama kile kisanduku, kisha akamtazama mama yake. Halafu akatoa mkono chini ya blanketi. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kiganja cha mkono mwingine kikizikinga herufi zisionekane. Subilaga akageuza uso akatazama bondeni.

Alipogeuka, nukta zilikuwa zinafifia, zote kwa pamoja, zikageuka rangi ya maziwa. Bupe hakuziona. Alikuwa amekwisha kurudisha kichwa palepale kilipokuwa.